UZI: Kwa nini vijisanamu vya zamani vikitolewa upya haviwi vilevile?

#1 Jatoi_Kisumu
Habari zenu wadau. Kuna jambo linanisumbua, anayejua anieleze.

Mwaka jana nilimpata He-Man wa zamani, kijisanamu cha yule shujaa wa katuni mwenye upanga, pale soko la Kibuye, Jumapili, kwenye fungu la fagia, yaani mabaki ya mtumba. Kamera, yaani vitu bora, ilikuwa imeshachukuliwa tangu saa kumi na mbili, mimi nilifika saa nne nikabaki kupekua vikombe na vigari visivyo na magurudumu. Alikuwa amelala kifudifudi chini ya kiatu cha mtoto. Shilingi hamsini. Upanga hana, mguu wa kulia umelegea, lakini ukimzungusha kiuno ukamwachia, anarudi kwa kasi na ngumi inapiga. Springi ya miaka arobaini na bado ina nguvu! Mgongoni ana muhuri wa Mattel, kampuni iliyomtoa, 1981.

Mwezi uliopita mpwa wangu anayeishi ng'ambo akaniletea He-Man mpya wa Origins, toleo la siku hizi la Mattel, ndani ya kadi inayofanana kabisa na ile ya zamani. Nikawasimamisha pamoja juu ya meza. Rangi ya ngozi si ile. Magoti ya mpya yanakunjika, ya mzee hayakunjiki. Kiuno cha mpya kinazunguka kwa mkono tu, springi hakuna.

Kampuni ni ile ile na jina ni lile lile. Si wangetoa kalibu ya zamani, kile chuma cha kuumbia, stoo, waifute vumbi, wamimine plastiki? Kinachoshindikana ni nini?

#2 Kasuku_Bungoma
Mulembe. Jibu ni pesa. Springi ni gharama na mtu wa kuipachika ni gharama. Halafu huyo mzee wako hawezi kuwa wa 1981, He-Man alitoka 1985. Mimi namkumbuka.

#3 Mwalimu_Kakamega
Kasuku, unamkumbuka wa 1985 kwa sababu ndipo alipokufikia. Toi ziliingia madukani Marekani mwaka 1982, katuni ikafuata 1983.

Jatoi nawe, huo muhuri wa 1981 ni mwaka wa kusajili haki ya umbo, si mwaka aliotoka kiwandani. Muhuri ulibaki hivyo hivyo miaka yote. Angalia jina la nchi: kuna waliotengenezwa Taiwan, Malaysia, Meksiko na kwingineko, na hawafanani hata wao kwa wao. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini mpya hafanani na wa zamani, kwanza tuambie yupi kati ya hao wa zamani.

#4 Beseni_Nakuru
Nimefanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha plastiki hapa Nakuru. Beseni, ndoo, viti, vikombe. Hilo neno la "kufuta vumbi" limenigusa, ndugu, acha nikuambie kalibu ni kitu gani.

Kalibu, au moldi kama tulivyoita kazini, ni mapande mawili ya chuma yanayofungana. Katikati kuna uwazi wenye umbo la kitu unachotaka. Plastiki iliyoyeyushwa inasukumwa ndani kwa nguvu kubwa, inapoa, mapande yanaachana, pini zinakisukuma kitu nje. Ndani ya chuma chenyewe kuna njia za maji ya kupoza. Ukimaliza kazi unatakiwa utoe maji yote, ukaushe, upake mafuta, ndipo uhifadhi. Ukiacha maji hata kidogo, kutu inaanza kula kutoka ndani ambako jicho halifiki.

Siku moja tuliletewa kalibu ya kikombe cha watoto chenye ua ubavuni. Ilikuwa imelala miaka sita. Kwa nje ilionekana nzima. Tulipoifunga kwenye mashine, kila kikombe kilitoka na vidoadoa kama ndui, kwa sababu kutu ilikuwa imechimba vishimo usoni mwa chuma, na plastiki haisamehe, inanakili kila kitu. Fundi akaisugua kwa sandpepa laini na mafuta wiki tatu. Vidoa viliisha. Ua nalo likaisha, ikabaki alama hafifu ambayo hungejua kama ni ua au ni ufa.

Sasa fikiria He-Man. Misuli ya kifua, nywele, mikunjo ya viatu vya manyoya. Ukiisugua kalibu yake, unausugua uso wake.

#5 Jatoi_Kisumu
Beseni, asante sana. Hilo la ua limenikaa. Kwa hiyo kalibu za zamani huwa zinaoza tu?

#6 Beseni_Nakuru
Nyingine zinaoza, nyingine zinauzwa skrepa. Kalibu ni chuma kizuri, kizito, na stoo ina kodi. Meneja akiona kitu kimelala miaka mitano bila oda, anakipima kwa kilo.

#7 Mwalimu_Kakamega
Na nyingine zilisafiri. Kalibu za G.I. Joe, vile vijisanamu vya askari vya kampuni ya Hasbro, zilipomaliza kazi upande mmoja zilipelekwa kwingine. Funskool ya India iliwatengeneza kwa miaka mingi baada ya Wamarekani kuacha. Zikihama namna hiyo, kuzirudisha zote zikiwa kamili ni shida.

Kisha kampuni zenyewe zinamezana. Kenner waliotengeneza vijisanamu vya filamu za Star Wars tangu 1978 walinunuliwa na Tonka mwaka 1987, Tonka ikanunuliwa na Hasbro mwaka 1991. Kila kuhama kuna makabati yanayoachwa. Mego nao, waliotawala miaka ya 1970 kwa mashujaa wao wa inchi 8, walifilisika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jina lilirudi madukani 2018, lakini kati hapo ni zaidi ya miaka thelathini. Nani alikuwa akipaka mafuta kalibu zao muda wote huo?

#8 Nyota_Section58
Samahani wakubwa, naona mnajibu swali ambalo halikuulizwa. He-Man wa Origins SI wa zamani aliyetolewa upya. Ni mpya, aliyechongwa afanane na wa zamani. Walipomtoa 2020 Mattel walisema wenyewe kwamba ana viungo 16 vinavyocheza. Wa zamani ana kichwa, mikono, miguu na kiuno, basi. Mpya unaweza kumng'oa kichwa, mikono na miguu ukampachika mwenzake. Hata wangeipata kalibu ya zamani ikiwa inang'aa, wasingeitumia.

Kwa hiyo kalibu kupotea si sababu. Waliamua.

#9 FundiSufuria_Kibuye
Nyota, unasema kweli kwa huyo mmoja. Lakini kuna vijisanamu vingine ambavyo kweli wanataka virudi vilevile, na kalibu haipo. Hapo wanachukua cha zamani kilicho kizima na kunakili. Mimi sijui plastiki, najua alumini, na nakuambia kunakili kuna mtego wake.

Hapa Kibuye tunasubu sufuria kwa mchanga. Tunayeyusha vyuma vya injini na masufuria mabovu. Kijana wangu alipoanza kazi alitumia sufuria yangu kama kielelezo, akaifukia kwenye mchanga, akaitoa, akamimina. Sawa. Wiki iliyofuata akatumia ile aliyoisubu yeye kutengeneza nyingine. Halafu hiyo nyingine ikazaa nyingine. Mwezi ukaisha mama mmoja akaja na kifuniko chake, hakikai. Kinabaki kimening'inia nje ya mdomo wa sufuria pande zote. Alumini ikipoa inasinyaa kama asilimia 1.3, kwa hiyo sufuria ya sentimita 30 inapungua karibu milimita 4 kila kizazi. Kijana alikuwa ameshafika kizazi cha nne.

Wenye toi wakinakili toi iliyotoka kiwandani bila kuongeza kipimo, watapata mdogo kuliko baba yake.

#10 Kasuku_Bungoma
Fundi, huyo mama ulimrudishia pesa?

#11 FundiSufuria_Kibuye
Nilimsubia sufuria nyingine kutoka kwa kielelezo changu cha kwanza. Na ile ndogo akabaki nayo.

#12 Beseni_Nakuru
Fundi, umeeleza vizuri ila ongeza hili: plastiki hazisinyai sawa. Ile ngumu ya ABS inasinyaa kama nusu asilimia. PVC laini inaweza kusinyaa asilimia 1 hadi 5, inategemea imelainishwa kiasi gani. Sasa kijisanamu kimoja kina kifua cha plastiki ngumu na kichwa cha plastiki laini. Ukinakili vyote kwa pamoja bila hesabu, kifua kinapungua kidogo, kichwa kinapungua sana, na shingo haishiki tena.

Ndiyo maana zamani wachongaji wengi walichonga umbo kubwa mara mbili, kisha mashine ikafuata mistari yake ikiipunguza wakati inachonga chuma. Hesabu ya kusinyaa iliingizwa hapo hapo. Ukipoteza lile umbo kubwa umepoteza zaidi ya kalibu, maana kalibu unaweza kuchonga nyingine.

#13 MamaToi_Kondele
Nimesoma nikaenda kupima. Nauza toi za mtumba Kondele mwaka wa saba sasa. Nina He-Man wawili: mmoja wa kweli wa zamani na mwingine feki asiye na jina popote, nilimtoa kwenye beli lile lile. Niliwalaza juu ya rula ya chuma ya mwanangu. Feki ni mfupi kwa milimita 3. Vidole vyake vimeshikamana, na ukimgeuza kwenye mwanga, kifua ni laini kama sabuni iliyooshewa wiki nzima. Mstari wa kuungana ubavuni unakwaruza kidole. Maneno ya Fundi nimeyaona kwa macho yangu.

#14 Kasuku_Bungoma
Mama, kwa hiyo huwa unatuuzia feki?

#15 MamaToi_Kondele
Feki namweka kwenye kikapu cha shilingi ishirini na kila anayeuliza namwambia. Wa kweli yuko ndani ya kabati la kioo. Njoo uone kabla ya kusema, mwanangu.

#16 Kasuku_Bungoma
Niwie radhi mama. Nitakuja, na wa kabatini niwekee.

#17 Nyota_Section58
Mama amethibitisha hoja yangu. Anayesinyaa ni feki, kwa sababu feki ananakiliwa ovyo. Kampuni kubwa siku hizi wanapiga skani, wanaingiza kwenye kompyuta, wanaongeza asilimia wanayotaka. Nina printa ya 3D ya rezini hapa nyumbani, na kuongeza asilimia 2 ni kubofya mara moja.

#18 Beseni_Nakuru
Nyota dada yangu, kubofya ni kwa umbo zima. Plastiki inasinyaa zaidi penye unene na kidogo penye wembamba, na zaidi upande mmoja kulingana na ilivyotiririka. Paja linene linabonyea katikati, kidole hakibadiliki. Na skani inasoma kile kilichopo: kama pua ya huyo wa zamani imechezewa na mtoto miaka mitano ikalainika, skani inakupa pua iliyolainika.

#19 Nyota_Section58
La pua nakubali. La paja nitalijaribu kwanza.

#20 Nesi_Siaya
Habari. Mimi naona mmesahau watoto. Zamani sheria zilikuwa legevu, sasa hivi umbo lenyewe haliruhusiwi.

Nimewahi kumshika mtoto wa miaka miwili aliyekuwa amebadilika rangi, kipande cha toi kimekaa kooni. Kilitoka. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya njugu mawe. Tangu siku hiyo siangalii silaha ndogo za toi kama mnavyoziangalia ninyi.

Mfano wenu wa Star Wars: mwaka 1979 Kenner walitangaza Boba Fett, mmoja wa wahusika wa filamu hizo, mwenye roketi mgongoni inayoruka. Wakati huo huo kuna mtoto alikuwa amefariki baada ya kusongwa na kombora la toi ya kampuni nyingine. Kenner wakaigundisha roketi, akauzwa bila kurusha. Marekani wana kipimo cha silinda chenye upana wa milimita 31.7. Kipande kikizama chote ndani, hakifai kwa toi ya mtoto chini ya miaka 3, na kwa wakubwa kidogo lazima pawe na onyo. Optimus Prime, yule roboti wa Transformers anayegeuka lori, alipotolewa upya Marekani mwaka 2002, mabomba yake ya moshi yalifupishwa. Megatron wa zamani, adui yake, anageuka bastola ya Walther P38 inayofanana na ya kweli. Kwa sheria yao ya ncha ya rangi ya machungwa kwenye bastola za toi, utamrudishaje vilevile?

Na rangi zenye risasi, ile metali yenye sumu, zilipigwa marufuku 2008. Rangi za zamani hazirudi, na ni heri zisirudi.

#21 Mwalimu_Kakamega
Nesi, pole kwa siku hiyo, na asante kwa kazi yenu. Sahihisho dogo: Marekani walizuia rangi yenye risasi kwenye toi tangu 1978, kikomo kikiwa sehemu 600 kwa milioni. Sheria ya 2008 ilikishusha, na mwaka 2009 kikawa 90. Ilikuja baada ya 2007, mwaka ambao toi nyingi zilizotengenezwa China zilirudishwa kwa sababu ya rangi.

Sheria hiyo hiyo ya 2008 iligusa jambo ambalo Jatoi atalisikia kwa kidole: vilainishi vya plastiki vinavyoitwa fthaleti. Kwa vile vilivyotajwa, kikomo ni asilimia 0.1. PVC laini ya zamani ililainishwa kwa vitu hivyo hasa. Ukibadilisha kilainishi, ulaini unabadilika, na namna plastiki inavyopokea rangi pia.

#22 Beseni_Nakuru
Na kusinyaa pia! Hata ungekuwa na kalibu ile ile ya zamani, nzima, ukiweka plastiki ya mchanganyiko mwingine kipimo kinahama. Mwalimu, umenifungulia kitu hapo.

#23 Jatoi_Kisumu
Nimemshika kichwa mzee na mpya nikiwa nimefumba macho. Wa zamani kinabonyea ukikifinya, kisha kinarudi polepole. Sikuwahi kufikiria kwamba hicho ni kilainishi.

#24 Msanii_Lanet
Rangi ni fani yangu, nachora mabango na matatu. Jatoi amesema "rangi ya ngozi si ile" na hakuna aliyemjibu.

Rangi ya ngozi mara nyingi haipakwi. Plastiki yenyewe inatoka na rangi hiyo. Kinachopakwa ni nywele, macho, mkanda. Macho yanapigwa kwa muhuri wa silikoni unaobeba wino, mengine yananyunyiziwa kupitia bamba la chuma lenye matundu. Kila rangi ni bamba lake, mkono wake, muda wake wa kukauka. Rangi moja ikiongezeka, ongeza malipo kwenye kila kijisanamu, mara maelfu.

Msidhani zamani hawakubana. Snake Eyes wa G.I. Joe mwaka 1982 alitolewa mweusi tii bila tone la rangi ili kuokoa bajeti ya wenzake. Leo ndiye anayependwa kupita wote.

Kuhusu ngozi yenyewe: huyo mzee amekaa juani, kwenye moshi, kwenye beli. Rangi unayoiona si aliyotoka nayo. Mfungue kiungo kilichofichika, utaona rangi yake ya kuzaliwa. Huenda mpya ndiye anayefanana na mzee alipokuwa kijana.

#25 Jatoi_Kisumu
Msanii, nimekwenda kuangalia sasa hivi. Nimevuta mguu uliolegea kidogo nikamulika kwa tochi ya simu. Ndani ya nyonga rangi imekolea zaidi, karibu na ya mpya. Si ile ile, lakini karibu.

#26 Kasuku_Bungoma
Mimi bado nasema wanafanya makusudi. Wakitoa anayefanana asilimia mia, wakora watamtoa kwenye kadi, wamchafue, wamuuze kama wa 1982. Waliohifadhi wao watalia. Kwa hiyo wanaacha alama, tena wanafurahi.

#27 MamaToi_Kondele
Hapo nakuunga mkono Kasuku. Mteja wangu mmoja alilipa pesa nzito mtandaoni kwa "wa zamani", akaja kunionyesha. Nilimgeuza nikaona tarehe ya juzi nyayoni. Alikaa kwenye kiti changu kimya kama dakika kumi.

#28 Nyota_Section58
Tarehe nyayoni inatosha kuzuia hilo. Kuzuia ukora hakuhitaji kuondoa springi.

#29 Omwami_Mumias
Nimefika nimechelewa. Sisi hatukuwa na He-Man, tulifinyanga fahali kwa udongo wa mtoni na kuwapiganisha. Pembe zilivunjika kila siku na hakuna aliyeuliza kwa nini fahali wa leo si wa jana.

Lakini kijana wangu ana G.I. Joe wanne wa mtumba, na wote walikuja vipande viwili, kiuno kimeachana na kifua. Nilimfungua mmoja: skrubu moja mgongoni, ndani kuna kulabu ya chuma inayoshika miguu, na oringi, yaani pete ya raba, iliyounganisha kila kitu. Oringi ilikatika mkononi mwangu kama tambi mbichi. Nilienda kwa fundi wa pampu za maji, akanipa ya saizi hiyo kwa shilingi kumi. Joe akasimama wima.

Nikajiuliza, kama toi ya kampuni kubwa inashikwa na raba ya kumi, wanaotoa upya wanaogopa nini?

#30 Mwalimu_Kakamega
Omwami, wanaogopa hilo hilo uliloliona, kukatika. Mwaka 2007 Hasbro walipoadhimisha miaka 25 ya Joe hao wadogo waliacha oringi kabisa, wakaunda mwili mpya. Wapenzi wengi walilalamika mpaka oringi ikarudi baadaye.

#31 Jatoi_Kisumu
Na springi ya mzee wangu je? Hiyo haijakatika.

#32 Beseni_Nakuru
Springi ni chuma ndani ya plastiki, lazima mtu aipachike kwa mkono kabla ya vipande viwili vya kifua kufungwa. Mimi nasema waliiondoa kwa sababu ya mkono huo.

#33 Nyota_Section58
Mimi nasema ni kiuno. Springi na kiungo kinachong'oka havikai pamoja.

#34 FundiSufuria_Kibuye
Hakuna kati yenu aliyemfungua. Jatoi, Jumapili njoo naye. Tutamweka kwenye maji ya moto gundi ilegee, tumfungue taratibu, turekebishe na mguu. Mpya pia mlete.

#35 Jatoi_Kisumu
Mpya namleta. Mzee kumfungua... Fundi, umewahi kumfungua mwingine?

#36 FundiSufuria_Kibuye
Bado. Tuanze na feki wa MamaToi.

#37 MamaToi_Kondele
Nakuja naye. Na rula.